Kila ripoti ya mwanafunzi inaandika "uelewa mdogo wa mama". Nyie mnawafundishaje?

Mkunga_Mwalimu

Habari za kazi wadau. Nafundisha ukunga ngazi ya diploma kwenye chuo kimoja huku Kigoma, na wiki hii nasahihisha ripoti za wanafunzi waliorudi fildi. Kila mmoja anatakiwa amfuatilie mama tangu kliniki hadi baada ya kujifungua, aandike historia yake, na mwisho aeleze kwa nini huduma ilichelewa au ilikosekana. Hapo mwisho ndipo wananitoa jasho. Mama kaanza kliniki mimba ina wiki 26: uelewa mdogo. Mama kajifungulia njiani: uelewa mdogo wa jamii juu ya umuhimu wa kujifungulia kituoni. Mtoto ana uzito pungufu: mama hana elimu ya lishe. Na pendekezo ni lilelile kwa wote, "elimu itolewe". Itolewe na nani, lini, juu ya nini, hakuna anayesema.

Nawapa mfano mmoja. Binti wa miaka 19, kijiji cha mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika, kule kwa kina Kalya na Sibwesa ambako njia ya kutegemea ni ziwa. Mwanafunzi kaandika mwenyewe, ukurasa wa pili, kwamba binti alifika kliniki mimba ikiwa bado changa akarudishwa kwa sababu hakuja na mwenza. Mwenza yuko kambi ya dagaa. Akaambiwa basi alete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti naye akasema barua haitoki mpaka baba wa binti amalize mchango wa darasa anaodaiwa. Barua ikapatikana baada ya mavuno. Yote haya yameandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa, halafu ukifungua ukurasa wa tano, sababu ya kuchelewa kuanza kliniki: uelewa mdogo wa mteja!

Binti alielewa vizuri sana, ndiyo maana alikwenda mapema. Tuliomrudisha ni sisi.

Na msidhani hawa vijana hawajasoma. Yale machelewesho matatu ya watafiti Thaddeus na Maine, yanayoeleza kwa nini wajawazito hufariki, wanayaimba: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Takwimu wanazo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata vifo 104 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikuwa umepata 556. Wanaojifungulia vituoni wamepanda kutoka 63% hadi 81%. Mtihani wanafaulu. Ila ukiwauliza hao 19% waliobaki ni akina nani, wanakaa wapi na wanaishi kwa kazi gani, darasa zima linatazama dari.

Kwa hiyo swali langu: mnawafundishaje wanafunzi kuuona ukosefu wa usawa kwa macho yao, pamoja na huu tunaoutengeneza wenyewe, kisha wafanye jambo lililo ndani ya uwezo wa mwanafunzi? Tafadhali msiniambie semina. Bajeti sina. Nina wanafunzi, wodi mbili tunazopewa na zahanati chache zinazokubali kutupokea.

---

Sista_wa_Zamu

Mwalimu, pole na kazi. Mimi ni mkunga, nasimamia wodi ya wazazi kwenye hospitali ya wilaya, mkoa wa Tanga. Wanafunzi wenu mkishawafundisha wanaishia mikononi mwangu, kwa hiyo hili linanihusu.

Hayo maneno wameyatoa kwetu. Kaa kwenye kikao cha kujadili kifo cha mama uone. Fomu ina sehemu ya mambo yaliyochangia, na la rahisi kuandika ni lile linalomwangukia marehemu. "Alichelewa kufika." Hakuna atakayebisha, hakuna atakayeitwa ofisini. Sasa jaribu kuandika kwamba alilala mapokezi huku ndugu wakizunguka madukani kutafuta glavu na dripu, wakati sera inasema mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wanatibiwa bure kwenye vituo vya umma. Mwanafunzi ameketi nyuma pale anasikiliza ni sentensi ipi inapita na ipi inamletea mtu matatizo. Usishangae akija kukuandikia ile inayopita.

Mimi nawapa zoezi la rejista. Nampa mwanafunzi kitabu cha MTUHA, yaani rejista ya serikali ya taarifa za huduma, cha wodi ya wazazi na daftari tupu. Asome safu moja tu, ile ya mahali mama anakotoka, ahesabu kijiji kwa kijiji, mwaka mzima. Kisha aende zahanati husika aangalie makadirio yaliyobandikwa ukutani, wajawazito wanaotarajiwa kwa mwaka kutoka kila kijiji. Aweke namba hizo mbili pamoja. Siku ya kwanza atakuja kukueleza waliokuja wengi wametoka wapi. Mwache. Muulize ni kijiji gani hakimo kabisa.

Kwetu kilikuwa kitongoji kimoja ng'ambo ya mto. Wanafunzi wakanipa jibu papo hapo: imani potofu, wanapenda wakunga wa jadi. Nikawaambia sawa, nendeni mkaniletee hizo imani. Wakaenda na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa hapo, mama mmoja anayejua kila mlango. Waliporudi hawakuwa na imani hata moja. Walikuwa na nauli ya bodaboda, shilingi 15,000 mchana na 30,000 usiku, na mto ukijaa hakuna anayekubali hata umpe ngapi. Halafu walikuwa na habari ya mama mmoja aliyejifungulia hapa hapa kwetu, akaamriwa kufua shuka lenye damu kabla hajaruhusiwa kuondoka, akiwa bado anatokwa. Alirudi akasimulia kisimani. Kwa mkunga wa jadi, mama yake mzazi anaruhusiwa kuingia ndani amshike mgongo. Hapa anaambiwa asubiri getini.

Mmoja wa wale wanafunzi alikuwa zamu siku ile ya shuka. Hakusema neno. Lakini ripoti yake ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kusoma.

Jambo jingine, angalia wanahoji wapi. Kuna utafiti wa mradi wa Staha, wa kuwahudumia wazazi kwa heshima, ulifanyika Korogwe na Muheza huku kwetu. Wanawake waliulizwa wakiwa wanatoka kituoni kama kuna walichotendewa visivyo: kutukanwa, kupigwa, kuachwa peke yao, kuombwa hela. 19% wakasema ndiyo. Kundi lililofuatwa likaulizwa tena nyumbani, wiki 5 hadi 10 baada ya kujifungua, ikawa 28%. Ni sehemu ya wanawake wale wale. Mwanafunzi aliyevaa sare, anayemhoji mama kitandani huku nesi anapita, anapewa jibu la kitandani. Apelekwe nyumbani bila sare, kichanga kikiwa kimeshaanza kucheka. Na utafiti huo haukuishia kulalamika. Wahudumu na wananchi walikaa wakakubaliana mkataba wa huduma, hospitali ikarekebisha mambo yake, na uwezekano wa mama kutendewa visivyo ukashuka kwa takriban theluthi mbili ukilinganisha na hospitali ambayo haikufanyiwa hivyo.

Pale ninapotofautiana na wewe: usifute "uelewa mdogo" kabisa. Mama anaumwa kichwa hakitulii, anaona maruweruwe, miguu imejaa, na hajui kwamba kifafa cha mimba kinanyemelea. Huo uelewa ni mdogo kweli na unaua. Ila mwanafunzi akiandika hivyo, afungue kadi ya kliniki. Utakuta kisanduku cha dalili za hatari kimetikiwa, ameelezwa. Alielezwa na nani? Kwa lugha gani, na huyo mama anazungumza Kimbugu? Walikuwa wangapi kwenye benchi siku hiyo? Tiki ile aifuatilie mpaka mwisho.

---

Nesi_wa_Zahanati

Shikamoo mwalimu, shikamoo Sista. Nimemaliza chuo si zamani, sasa niko zahanati ya kijijini, mkoa nauacha. Nitasema upande wa mwanafunzi, mnisamehe kama nitakwaruza.

Mnatufundisha staha darasani, tunafika wodini tunafundishwa kinyume na watu ambao ndio watatusainia kitabu cha mazoezi ya vitendo. Mwanafunzi hawezi kumwambia nesi wa miaka ishirini kazini "sista, usimpige mama mapajani". Akisema, hapati sahihi. Kwa hiyo kabla hamjatutuma kutafuta ukosefu wa usawa vijijini, mtuambie tukiuona wodini tunampelekea nani, na huyo mtu atatulinda vipi.

Na hizo sahihi zenyewe. Tunatakiwa kuzalisha idadi fulani ili tumalize. Matokeo yake kila mtu anataka hospitali kubwa ya mjini. Nimeshuhudia wanafunzi wa vyuo vitatu wamemzunguka mama mmoja, kila mtu kavaa glavu zake, wanagombea nani apokee. Mama amelala pale uchi, hakuna anayemuuliza kama anataka maji. Wakati huohuo zahanati kama yangu ina muuguzi mmoja na haimwoni mwanafunzi mwaka mzima, kwa sababu wazazi huku ni wachache na kitabu hakijai. Anayetupwa mbali ni yule asiye na mjomba wa kumtafutia nafasi, na kule analipa chumba mwenyewe. Ukosefu wa usawa mnatufundisha, na tumeshauonja.

Lakini nilichojifunza huku hakuna wodi ya mjini ingenipa. Mama wa kwanza kumpeleka kwa rufaa peke yangu alikuwa anatokwa damu baada ya kujifungua. Oksitosini, sindano ya kuzuia damu inayotakiwa kukaa kwenye ubaridi, nilikuwa nayo, ila friji ilikuwa imezimika na sikujua ile dawa ina nguvu kiasi gani tena. Nikampa vidonge vya misoprosto vinavyofanya kazi hiyo hiyo, nikaminya mfuko wa uzazi, nikapiga 115 ya m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura wa wazazi. Namba ni ya bure na usafiri hulipiwa, hata kama ambulansi haipo wanatafuta dereva wa kijamii aliyesajiliwa. Inafanya kazi, nawaambia ukweli. Shida ni kwamba kwangu mtandao unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya choo, na mimi mkono mmoja uko tumboni kwa mama. Aliyepanda kichuguu ni shemeji yake. Alifika hospitali salama na yuko hai, mtoto anaitwa jina langu.

Mwalimu, nikipata mwanafunzi hapa wiki mbili tu, sitamhoji juu ya machelewesho matatu. Nitampa simu na kumwambia hakikisha kila kitongoji kina mtu anayejua 115 na anayejua kichuguu chake kiko wapi.

---

Lishe_Nyanda

Naongezea upande wa mtoto maana mmeegemea kwenye kujifungua.

Niko Iringa. Watu wa nje huwa hawaamini: mkoa unaolisha nchi, na utafiti wa 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni takriban 57%, Njombe na Rukwa karibu 50%, wakati taifa ni 30%. Mahindi yapo, maharage yapo, viazi vimejaa barabarani. Wanafunzi wa lishe wakifika hapa wanabeba bango la makundi ya vyakula, wanalitundika kwenye mwembe wa zahanati, wanaimba na kina mama, wanaondoka. Kina mama wa huku bango hilo wanalijua kwa moyo. Mmoja alimsahihisha mwanafunzi wangu aliyesahau karanga.

Sasa nawaambia wakae na mama mmoja kuanzia alfajiri mpaka alale, waandike saa kwa saa. Anatoka saa 11 kwenda kibarua cha chai, kichanga mgongoni, mwenye mwaka na nusu anabaki na dada wa miaka saba. Uji unapikwa mara moja asubuhi, ukifika saa 8 mchana ni maji ya baridi. Mayai yapo, yanauzwa kununua sabuni. Mahindi yalishauzwa shambani kulipa deni la mbolea, na hela hiyo hakuishika yeye. Elimu ipi utampa huyu?

Wanafunzi wa awamu iliyopita waliona jambo ambalo sisi tulilipita miaka yote. Kliniki ya kupima watoto ilikuwa saa 2 hadi saa 6 mchana, saa za kibarua. Wakaomba siku moja ihamie siku ya gulio, alasiri, chini ya banda. Muuguzi alinuna mwanzoni, ikabidi mtendaji wa kata aingilie. Siku hiyo utepe wa kupima mkono, unaoonyesha mtoto mwenye utapiamlo, ulikutana na watoto ambao hawakuwa kwenye rejista kabisa.

---

Daktari_Eldoret

Salamu kutoka Kenya. Mimi nilisomea udaktari Chuo Kikuu cha Moi, na pale kwenda mashinani hakukuwa hiari. Tangu shule ya tiba ilipoanza mwaka wa 1990 kuna mpango unaoitwa COBES: unaanza kwa kuijua jamii, mbele kidogo unachunguza matatizo yake ya afya, baadaye unafanya utafiti wako mwenyewe, na inahesabiwa kwenye alama kama somo lingine lolote. Hilo la alama ndilo muhimu. Kitu kisichokuwa na mtihani mwanafunzi hukiona kama matembezi.

Tahadhari moja tu. Watu huchoka. Mzee mmoja alituambia, "Wenzenu walihesabu vyoo vyetu mwaka jana. Bado ni vilevile, andikeni tu." Mkirudi kijiji kilekile rudini na majibu ya ripoti ya kwanza, msomeeni mwenyeji hata kama yanawaaibisha.

---

Mkunga_Mwalimu

Asanteni sana, na Nesi wa Zahanati marahaba, hujakwaruza chochote. La sahihi nimelipeleka kwa mkuu wa idara jana. Amekubali sehemu ya zile kesi zihesabiwe kwa mama aliyefuatiliwa nyumbani, siyo kwa mtoto aliyepokelewa tu. La ulinzi wa mwanafunzi anayeripoti bado tunavutana. Wenzangu wanaogopa kunyimwa wodi, na hofu hiyo ina msingi.

Fomu nimeibadilisha. "Sababu ya kuchelewa" nimeiondoa, nikaweka: mara ya kwanza mama alipotafuta huduma ilikuwa lini, alimkuta nani, aliambiwa nini. Halafu: safari ingemgharimu shilingi ngapi usiku, na hela ya nyumba anashika nani. Halafu: akiandika "hakujua", aeleze nani alipaswa kumjulisha na katika hudhurio lipi. La mwisho ni kitu kimoja ambacho mwanafunzi amebadilisha kabla hajaondoka, hata kiwe kidogo, pamoja na jina la cheo cha aliyekubali kukiendeleza. Nikosoeni kabla sijachapisha.

---

Sista_wa_Zamu

Hilo la "hela anashika nani" usiliweke mwanafunzi alisome kama lilivyo mbele ya mume. Utamwachia mama ugomvi. Waulize ni nani alilipa nauli mara ya mwisho, jibu litajitokeza lenyewe.

Na ile barua ya mwenyekiti usiitupe kwenye ripoti ikalala. Mwongozo unahimiza wenza waje kliniki, haujasema anayekuja peke yake afukuzwe. Mpigie mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya, mpe jina la kituo, la binti usimpe. Wa kwetu nilipompigia alikuja na kubandua tangazo ukutani mwenyewe, "asiye na mwenza hatahudumiwa", lilikuwa limeandikwa kwa maka nyekundu.

Wapeleke mwezi wa tatu au wa nne, mvua zimekolea. Ukiwapeleka Agosti wataandika barabara inapitika.

---

Mkunga_Mwalimu

Maswali nimerekebisha, na mratibu nampigia Jumatatu. Kuhusu mvua, kwa vijiji vya bara ni kweli. Mwambao ni kinyume, ziwa linachafuka kiangazi, upepo wa kusi ukishika kuanzia mwezi wa sita boti zinalala siku kadhaa. Nitawagawa makundi mawili.